Joseph II: Kaizari Aliyeharakisha Mwangaza

Wafalme wa karne ya 18 walioitwa "wenye mwangaza", yaani waliodai kutawala kwa kufuata akili, walitofautianaje na baba zao?

Madaraka waliyashika yote, kama baba zao. Kilichobadilika ni hoja: Frederick II wa Prussia alijiita mtumishi wa kwanza wa dola, na Catherine II wa Urusi aliandikiana barua na mwanafalsafa Voltaire. Kwa maoni yangu, aliyethubutu kuliko wote ni Joseph II wa Austria, aliyetawala peke yake tangu mama yake, Maria Theresa, alipofariki mwaka 1780.

Alithubutu nini hasa?

Mwaka 1781 aliwaruhusu Waprotestanti na Waorthodoksi kuabudu kwa amani, ingawa makanisa ya Waprotestanti hayakutakiwa kuwa na mnara wala kengele. Mwaka huohuo mkulima wa Bohemia alipata haki ya kuoa, kuhama na kujifunza ufundi bila kumwomba idhini bwana mwenye ardhi. Mwaka uliofuata Wayahudi wa Vienna walifunguliwa milango ya shule na ya kazi nyingi walizokuwa wamekatazwa. Akafunga mamia ya monasteri ambazo watawa wake hawakufundisha wala kuuguza wagonjwa, na mali yake ikatumika kugharimia parokia. Papa Pius VI alifunga safari hadi Vienna kumsihi alegeze kamba, lakini hakupata alichokifuata.

Mtu wa kawaida aliyaonaje mabadiliko hayo?

Vienna ilianza kusoma na kubishana. Udhibiti wa machapisho ulipolegezwa mwaka 1781, vijitabu vilimiminika, vingine vikimkosoa kaizari mwenyewe. Prater, msitu uliokuwa wa uwindaji wa kifalme, alikuwa ameshaufungua kwa umma tangu 1766. Kuna pia kisa cha *Figaro*, ninachokipenda mno: tamthilia ya Beaumarchais, ambamo mtumishi anamshinda bwana wake kwa akili, ilizuiwa jukwaani Vienna. Mozart na mtunzi wa maneno Lorenzo Da Ponte wakaigeuza opera, na mwaka 1786 ikaonyeshwa katika Burgtheater, ukumbi wa kaizari huyohuyo.

Basi kwa nini watu walimchoka?

Kwa sababu hakujua kusubiri, wala kuuliza. Mwaka 1784 aliamuru Kijerumani kiwe lugha ya serikali Hungaria, akalihamishia Vienna taji takatifu la Wahungaria. Mwaka huohuo akataka maiti wazikwe ndani ya magunia, na jeneza lenye sakafu ya kufunguka litumike tena na tena, ili kuokoa mbao. Kihesabu alikuwa sahihi. Lakini waliofiwa walichukizwa sana, na amri ikaondolewa mwaka uliofuata. Hapo ndipo naona udhaifu wake mkubwa: alidhani lililo sahihi halihitaji ridhaa ya mtu.

Alibakisha nini?

Uasi ulipozuka katika majimbo yake ya Ubelgiji na Hungaria ikatishia kumfuata, Januari 1790 alifuta karibu amri zote alizowawekea Wahungaria. Matatu alikataa katakata kuyagusa: uvumilivu wa dini, uhuru wa wakulima na mpango wa parokia. Alifariki mwezi uliofuata. Mdogo wake, Leopold II, alifuta sheria ya kodi ya Joseph iliyokusudia kumwachia mkulima asilimia 70 ya mapato yake, na kazi za lazima kwenye mashamba ya mabwana ziliendelea hadi mapinduzi ya 1848.