Kufariji kwa Faraja Tuliyopokea

Soma 2 Wakorintho 1:3–7. Kwa mujibu wa Paulo, Mungu hutufariji katika dhiki zetu kwa kusudi gani?

Paulo hasemi kama mtu anayeyatazama mateso kwa mbali. Huko Asia yeye na wenzake walikuwa wameelemewa mno, hata wakaona kwamba hawatapona (fungu la 8). Ndiyo maana anafundisha kwamba faraja ya Mungu haiishii kwa anayeipokea. Ni amana, amekabidhiwa kwa ajili ya mwingine.

Kanuni hii imeonekana mahali ambapo wengi hawapendi kufika: wodi ya wagonjwa wa akili. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, Ufaransa, wagonjwa wa akili walifungwa minyororo. Msimamizi wao, Jean-Baptiste Pussin, alikuwa amewahi kulazwa hapo hapo, ingawa kwa ugonjwa wa tezi. Alikataza wagonjwa kupigwa, akaajiri waliopata nafuu wawe wahudumu, na mwaka 1797 akaondoa minyororo. Daktari Philippe Pinel, aliyefanya kazi naye, alishuhudia kwamba wahudumu hao walikuwa wapole, kwa sababu ukatili waliujua kwa kuupitia.

Siku hizi pia, katika hospitali ya Butabika, Kampala, na vilevile Dar es Salaam, watu waliowahi kuugua wamefunzwa kuwasaidia wenzao. Hawachukui nafasi ya daktari. Huketi na mgonjwa, humsikiliza, humweleza njia waliyopita wao. Daktari humwambia mgonjwa kwamba nafuu inawezekana. Mwenzake aliyelala kitanda kama kile humwonyesha.

Soma Ayubu 2:11–13. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo gani jema kabla ya kusema neno lolote?

Siku saba waliketi naye kimya. Walipofungua vinywa, wakaanza kumtafutia dhambi. Kosa hilo hurudiwa pale mshiriki aliyelazwa anapoambiwa kwamba imani yake ni haba, au aache dawa kwa kuwa ameombewa. Ushauri huo unaweza kumrudisha wodini, hata kumgharimu uhai. Maombi na matibabu havishindani. Eliya alipotamani kufa, Mungu alimpa kwanza usingizi, mkate na maji (1 Wafalme 19:4–8).

Mara nyingi anayetoka hospitali hukuta kanisani amekwisha kuondolewa katika huduma kimyakimya. Huenda ndiye aliyekabidhiwa faraja ambayo mchungaji na wazee wa kanisa hawana. Asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Lakini akiwa tayari kumtembelea mwenzake, asifungiwe mlango.

Fikiri juu ya mtu wa kanisa lenu au mtaa wenu aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili. Alitembelewa lini mara ya mwisho? Mnawezaje kuketi naye wiki hii bila kumhukumu, na bila kutangaza siri yake?