Thamani ya Kiuchumi ya Msitu katika Kutakasa Hewa

Mtu akiulizwa thamani ya msitu, aghalabu atataja mbao, kuni, asali na dawa, yaani vitu vinavyopimwa na kutiwa bei sokoni. Hewa haina mizani wala dalali. Hata hivyo, makala haya yanadai kuwa ina bei, na kwamba bei hiyo hutegemea wingi wa watu wanaoivuta karibu na msitu, wala si ukubwa wa msitu pekee.

Ifahamike kwanza kuwa mti hutakasa hewa kwa njia mbili kuu. Chembechembe za moshi na vumbi hunata juu ya majani hadi mvua iyaoshe, ingawa upepo hurudisha nyingine hewani. Gesi kama vile ozoni nazo huingia ndani ya jani kupitia vitundu vyake.

Kwa kuwa hewa safi haiuzwi, wanauchumi hukadiria hasara iliyoepukwa: matibabu, siku za kazi na vifo vya mapema. Mnamo 2014, David Nowak na wenzake walichapisha utafiti kuhusu majimbo 48 ya Marekani yanayopakana. Walikadiria kuwa mwaka wa 2010 miti iliondoa hewani tani milioni 17.4 za uchafu, na manufaa yake kwa afya yakafikia takribani dola bilioni 6.8. La ajabu ni kwamba uchafu mwingi uliondolewa mashambani, ilhali thamani kubwa ilipatikana mijini, penye watu.

Natija hiyo inaangaza mzozo wa Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti huko. Waliotamani viwanja walijua hesabu yao: ardhi iliyo katikati ya jiji ni ghali. Lakini sababu iyo hiyo ndiyo inayoufanya mti wa hapo uwe ghali. Tofauti ni kwamba bei ya kiwanja huingia mfuko mmoja, ilhali faida ya hewa hugawanyika kwa maelfu ya watu wasiopewa stakabadhi yoyote.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Utafiti uo huo ulionyesha kuwa, kwa wastani, miti iliboresha hewa kwa chini ya asilimia 1. Karura haiwezi kuwa kibali cha matatu kutoa moshi.