Namna ya Kuchagua Chuo cha Udaktari Mwombaji Anapodahiliwa na Zaidi ya Kimoja

Tangu mwaka 2017, ulipoachwa mfumo wa pamoja wa udahili uliokuwa ukiendeshwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na waombaji wakaanza tena kutuma maombi moja kwa moja vyuoni, mhitimu wa kidato cha sita mwenye ufaulu mzuri wa fizikia, kemia na baiolojia anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili, vitatu au zaidi katika awamu moja. Anapochaguliwa hivyo hutakiwa athibitishe chuo kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyojaza wakati wa kuomba. Muda wa kuthibitisha huwa mfupi, na katika muda huo familia nyingi huamua kwa kufuata ukubwa wa jina la chuo, ushauri wa ndugu aliyesoma zamani, au unafuu wa nauli. Vigezo hivyo havistahili kudharauliwa, lakini havigusi kiini cha elimu ya udaktari, yaani hospitali ambamo mwanafunzi atajifunzia kutibu watu.

Shahada ya udaktari wa binadamu nchini Tanzania husomwa kwa miaka mitano, na baada yake huja mwaka mmoja wa utarajali, ambao ni kipindi cha kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Miaka miwili ya mwanzo hutawaliwa na masomo ya msingi, kama vile anatomia, inayochunguza muundo wa mwili, fiziolojia, inayoeleza jinsi mwili unavyofanya kazi, na baiokemia, na masomo haya hayatofautiani sana kati ya chuo kimoja na kingine ikiwa vyote vina ithibati ya TCU. Tofauti kubwa hujitokeza mwanafunzi anapoingia katika mizunguko ya wodini, yaani vipindi vya majuma kadhaa ambavyo huvitumia kwa zamu katika idara za tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Huko ndiko anakojifunza kumhoji mgonjwa, kumpima kwa mikono yake, kuyapanga aliyoyaona, kisha kuyaeleza mbele ya daktari bingwa wakati wa raundi, na kusahihishwa palepale.

Mafunzo ya namna hiyo yana kikomo kisichoweza kukwepwa, nacho ni idadi ya wagonjwa ikilinganishwa na idadi ya wanaojifunza kwao. Tuchukue mfano wa kukisia: hospitali yenye vitanda 400 ikipokea wanafunzi 600 wa miaka ya mwisho, na juu yao wakaongezeka wanafunzi wa uuguzi, maofisa tabibu walio mafunzoni, madaktari watarajali na madaktari wanaosomea ubingwa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu atasimama mstari wa nyuma kwenye raundi na kusikia nusu ya yanayosemwa, ilhali mwenzake katika hospitali yenye vitanda hivyohivyo na wanafunzi 150 atakabidhiwa wagonjwa wake mwenyewe wa kufuatilia tangu kulazwa hadi kuruhusiwa. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwombaji anapaswa kuliuliza kila chuo ni hili: darasa moja lina wanafunzi wangapi, hospitali ya kufundishia ina vitanda vingapi, na je, hospitali hiyo ni ya chuo chenyewe au imeazimwa kwa makubaliano na hugawanywa na vyuo vingine? Vyuo vinavyoongeza udahili bila kuongeza wodi wala walimu vinawadhulumu wanafunzi, na zaidi vinawadhulumu wagonjwa wa Kasulu, Nachingwea na kwingineko ambako daktari aliyefunzwa hivyo atakuja kufanya kazi akiwa peke yake usiku, bila bingwa wa kumuuliza.

Aina ya wagonjwa nayo ina uzito wake. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ambacho mizizi yake ni shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, kina bahati ya kuzungukwa na Hospitali ya Taifa, Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hivyo mwanafunzi wake huona magonjwa yaliyoshindikana mikoani na husikiliza mabingwa wa fani ambazo kwingine hazipo. Hata hivyo hospitali ya rufaa ya ngazi hiyo hupokea wagonjwa waliokwisha kupita ngazi za chini, na mengi ya magonjwa ya kila siku hutibiwa katika hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, kwa hiyo inafaa kuuliza ni kwa kiasi gani wanafunzi hupelekwa nje ya Muhimbili kujifunza hayo ya kawaida. Moshi, Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 ina kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kinachohudumia ukanda mzima, na Mwanza, Hospitali ya Bugando hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, ambako selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, pamoja na kichocho, ni mambo ambayo mwanafunzi hakosi kukutana nayo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko huko Ifakara, ambayo ni ndogo kuliko hizo, huwapokea wakulima wa Bonde la Kilombero na wajawazito waliosafiri mbali, na kwa anayetaka kuwa daktari wa wilayani mazingira hayo ni shule kamili ambayo jina kubwa la mjini haliwezi kuifidia.

Hapa inafaa kutoa tahadhari kuhusu matangazo. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, ambako hujifunzia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya Muhimbili, na hayo ni mafanikio ambayo taifa lina haki ya kujivunia. Lakini mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapandikizi figo, na hospitali haipaswi kuchaguliwa kwa ajili ya upasuaji ambao ataushuhudia mara moja kwa mbali. Anachohitaji ni wodi ya wazazi yenye kazi nyingi, chumba cha dharura kinachopokea majeruhi wa bodaboda, na mwalimu ambaye hakosi raundi.

Suala la fedha halikwepeki, nalo lipigiwe hesabu ya miaka mitano yote badala ya mwaka wa kwanza peke yake. Ada ya vyuo binafsi huwa juu sana kuliko ile ya vyuo vya umma, na tofauti ya shilingi milioni 3 kwa mwaka, kwa mfano, hufikia milioni 15 kabla ya kuhitimu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutoa mkopo kwa mafungu, yakiwamo ada, posho ya chakula na malazi ambayo wanafunzi huiita bumu, na gharama za mafunzo kwa vitendo, lakini fungu la ada si lazima lifikie ada halisi ya chuo binafsi, na pengo hilo hubaki kwa mzazi. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Familia inayoona kwamba itamudu miaka miwili kisha ijitafutie njia inashauriwa kwa moyo wote kuchukua nafasi ya chuo cha umma, hata kama kiko mbali na nyumbani, kwa sababu mwanafunzi anayezuiwa kufanya mtihani wa mwaka wa nne kwa kudaiwa ada hupoteza zaidi ya fedha.

Wapo pia wanaopata nafasi China, India, Urusi na kwingineko, wakati mwingine kwa ada inayokaribiana na ya chuo binafsi cha hapa. Nafasi hizo zipimwe kwa kipimo kilekile cha wodi: darasani masomo yanaweza kutolewa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wa hospitali ya China huzungumza lugha yake, na mwanafunzi asiyeimudu hawezi kumhoji. China ilipofunga mipaka mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wanafunzi wengi wa udaktari walibaki makwao wakifuatilia masomo kwa intaneti, bila mgonjwa. Na vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, Watanzania waliokuwa wakisoma huko walilazimika kukimbia. Anayekwenda nje ajue pia kwamba shahada yake itahitaji kutambuliwa na TCU kabla hajaendelea na safari ya usajili nchini.

Kabla ya kuthibitisha, mwombaji amtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne katika kila chuo kilichomchagua, wala si wa mwaka wa kwanza ambaye hajafika wodini, na amuulize mambo machache: juma lililopita bingwa alifika raundi mara ngapi, amezalisha akina mama wangapi kwa mikono yake chini ya usimamizi, na mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, husaidiwaje kabla ya kuurudia. Majibu ya maswali hayo yakikipendelea chuo ambacho ada yake inalipika hadi mwaka wa tano, hicho ndicho cha kuthibitisha, na afanye hivyo kabla dirisha halijafungwa.