Kaburi la Mombasa

Mwaka 1844 Bwana Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai homa ikawashika wote wawili. Rosine, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu, akafa. Mtoto naye akafa. Wakazikwa bara, mahali panapokabili kisiwa.

Je, Krapf alikata tamaa? La. Alihuzunika sana, maana Mkristo naye huhuzunika. Lakini aliamini mafundisho ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, ya kwamba mwili huzikwa kama mbegu ipandwavyo, nao utafufuliwa usiharibike tena. Akawaandikia wenziwe Ulaya kwamba kaburi lile ni dalili ya kazi iliyoanza. Kisha akarudia kuyatafsiri Maandiko kwa Kiswahili.