Ungemwambia Nini Kijana Uliyekuwa? Masomo Matano kutoka Mashamba ya Chai

Kama leo ungekutana na wewe mwenyewe ulipokuwa na umri wa miaka 20, barabarani kati ya Litein na Kapkatet, ungemwambia nini?

Ukiwasikiliza wazee wakisubiri majani yapimwe kituoni, ni nadra kusikia mtu akijuta kwamba hakufanya kazi ya kutosha. Watu wa Kericho na jirani zetu wa Bomet wamefanya kazi. Majuto yao mengi ni ya mambo ambayo yangeanzwa, yangeulizwa au yangeandikwa mapema. Somo la toleo hili linakusanya mambo matano ya namna hiyo. Mzazi, lisome pamoja na mwanao. Kijana, lisome kabla hujawa na haja nalo.

Somo la 1: Anza kidogo, lakini anza sasa

Mche wa chai ukipandwa leo, unahitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa ipasavyo. Baada ya hapo huendelea kutoa majani kwa miongo mingi, hata aliyeupanda akiwa ameshaondoka. Akiba ni vivyo hivyo. Anayeweka shilingi 50 kila siku huwa na shilingi 18,250 mwisho wa mwaka, na shilingi 182,500 baada ya miaka 10, kabla ya kuhesabu faida yoyote. Anayesubiri mpaka apate "pesa ya maana" hufika miaka 40 akiwa bado anasubiri.

Weka akiba mahali panapojulikana kisheria. Kabla ya kujiunga na sacco inayopokea amana, hakikisha imepewa leseni na SASRA, mamlaka inayosimamia vyama vya akiba na mikopo.

Somo la 2: Usile bonasi kabla haijafika

Mkulima anayepeleka majani katika kiwanda kinachosimamiwa na KTDA hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwezi baada ya mwezi. Malipo ya mwisho, yale tunayoita bonasi, huja baada ya hesabu za mwaka unaoisha tarehe 30 Juni, na kwa kawaida hufika mnamo Oktoba.

Kiwango chake hutegemea bei katika mnada wa Mombasa, thamani ya shilingi dhidi ya dola, na gharama za kiwanda. Yote hayo hayako mikononi mwa mkulima. Tunajua pia kwamba viwanda vya upande wetu wa Bonde la Ufa mara nyingi vimelipa bonasi ya chini kuliko vile vya mashariki. Kwa hiyo, anayekopa Februari akitegemea bonasi ya Oktoba anakopa dhidi ya kiasi asichokijua.

Tupige hesabu. Umechukua shilingi 20,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Baada ya miezi minane, riba pekee ni shilingi 16,000. Utalipa shilingi 36,000, na kama bonasi imeshuka, utakopa tena ili ulipe. Kabla ya kutia sahihi mkopo wowote, uliza swali moja: "Nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla?" Asiyeweza kukujibu waziwazi, muage kwa heshima uende zako.

Somo la 3: Shamba lisilo na karatasi huzaa kesi

Hili ndilo somo lenye gharama kubwa zaidi. Familia nyingi bado zinachuma chai katika ardhi iliyoandikwa jina la babu aliyefariki zamani. Maadamu ndugu wanasikilizana, hakuna anayeona tatizo. Siku mmoja anapotaka kuuza au kuchukua mkopo wa benki, ufa unaonekana. Nao wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwenye shamba akiwa hai, anaweza kugawa ardhi au kuandika wosia bila haraka. Akishafariki, familia inapaswa kwenda mahakamani kupata kibali cha kusimamia mirathi. Anza kwa chifu, ambaye hutoa barua inayowatambulisha warithi.

Usimsahau binti. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Eldoret ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe kidogo kwa kuwa wataolewa. Katiba ya 2010 nayo inakataza ubaguzi wa kijinsia.

Ukinunua shamba, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kwanza. Ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita baada ya makubaliano. Bila idhini hiyo, mauzo ni batili kisheria, hata kama mlipeana mikono mbele ya wazee.

Somo la 4: Kuwa na ujuzi wa pili

Kwa miaka mingi, kijana aliyekosa karo alijua kwamba atapata kazi ya kuchuma majani. Hakikisho hilo limepungua. Mwezi Mei 2023, hasira kuhusu mashine za kuchuma majani ziliishia kwa mashine kuteketezwa hapa Kericho na maisha kupotea. Mjadala kuhusu mashine hizo unaendelea, lakini kijana hawezi kuusubiri uishe ndipo apange maisha yake.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba. Ufundi wa umeme, ushonaji, uashi au umakanika hauhitaji uache shamba. Mwenye ujuzi wa pili huchuma chai kwa kupenda, si kwa kukosa la kufanya.

Somo la 5: Mwili wako nao ni shamba

Mgongo uliobeba kikapu kwa miaka 30 hudai malipo yake. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147# ungali mzima. Asiye na mshahara huchangia asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Bonasi ikija, toa mchango huo kwanza, kisha mengine yafuate.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika chama

1. Shamba tunaloishi limeandikwa jina la nani? Nani amewahi kuiona hati yake?
2. Bonasi iliyopita ilifanya kazi gani ambayo bado inaonekana?
3. Tuna madeni gani, na tutarudisha shilingi ngapi kwa jumla?
4. Kila kijana wa nyumba hii ana ujuzi gani mbali na chai?

Ukishindwa kujibu swali la kwanza, anza na hilo wiki hii. Nenda kwa chifu au ofisi ya ardhi ukiwa na nambari ya shamba, na kama wazazi wako wangali hai, nenda nao.