Kobe Akiugua Hasemi

Wasomaji wengi mnamkumbuka kobe dume aliyekaa katika bustani nyuma ya maabara, ambaye shule ilimfuga kwa kibali cha serikali. Muhula uliopita alikufa. Zamu ya kumtunza ilikuwa yangu, na dalili zote niliziona kwa macho yangu, ila sikuzijua. Naandika haya ili mwenzangu asije akafanya kosa lile lile.

Watu hudhani kobe haugui, kwa kuwa huishi miaka mingi. Kule kisiwa cha Changuu, Unguja, wapo kobe wakubwa ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Lakini maisha marefu si kinga ya maradhi. Kuku akiugua hushusha mabawa, kila mtu akamwona. Kobe huingiza kichwa ndani akanyamaza, nasi twasema amelala.

Kwanza, mtazame wakati wa jua. Joto la mwili wa kobe hufuata joto la mahali alipo. Kwa hiyo asubuhi ya baridi hata kobe mzima huzubaa. Akisha kuota jua, yampasa atembee na kula. Jua likipanda naye bado amelala, au akikataa majani siku kadhaa, ujue hali si njema.

Pili, macho na pua. Kobe mzima ana macho maangavu na pua kavu. Kope zikivimba, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Pua ikitoa makamasi au mapovu, au akipumua kinywa wazi huku amenyosha shingo, huenda mapafu yana maradhi. Hili ni jambo la hatari, kwani kobe hawezi kukohoa barabara kama sisi akatoa makohozi.

Tatu, gamba. Gamba la kobe mkubwa huwa gumu. Likibonyea kwa kidole, aghalabu amekosa madini ya chokaa na mwanga wa jua. Likitoa usaha au harufu mbaya, limeingiwa na vijidudu.

Nne, kinyesi na uzito. Angalia kama anaharisha. Mpime kwa mizani kila juma, uandike daftarini, kwa maana si rahisi jicho kuona kukonda kwa mnyama aliyevaa gamba.

Ukiona dalili hizi, mtenge na wenzake, mweke mahali pakavu penye joto na kivuli karibu, umpe maji safi, umwite daktari wa mifugo siku ile ile. Usimpe dawa za watu. Nawe unawe mikono kwa sabuni kila umshikapo, kwani hata kobe mzima huweza kubeba vijidudu vya salmonela, viletavyo kuhara na homa kwa binadamu.

Kobe wetu alitoa mapovu puani siku ya Jumatatu. Niliyafuta kwa jani, nikaenda kujisomea mtihani. Daktari aliitwa Jumatatu ya pili, akasema tumechelewa. Aliomba daftari la uzito. Nilimpa, nalo lilikuwa tupu. Alhamisi tulimzika kobe chini ya mwembe.

Bustanini amebaki jike mmoja. Daftari lake hujazwa kila Jumamosi, na zamu ya kwanza muhula huu niliiomba mwenyewe.