Mwenye Kubaki Apewe Funguo



Safari hii tuzungumze juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi hapa Kisii na Nyamira, yaani mmoja wa wanandoa kwenda mbali kwa muda mrefu. Zamani wazee wetu walikwenda kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, au Nairobi, wakarudi Krismasi na sukari na blanketi. Siku hizi safari zimekuwa ndefu. Baba anakwenda Qatar kuwa mlinzi. Mama anakwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka 2. Mwingine anawafuata jamaa zake huko Minnesota, Marekani, ambako Wakisii wengi wamefanya makao.

Safari kama hizo hutayarishwa kwa miezi. Tunatafuta pasipoti, cheti cha tabia njema kutoka polisi, vipimo vya daktari na sanduku. Nauli ikipungua tunaita harambee. Lakini nyumba inayoachwa, je, nani ameitayarisha?

Nilimjua mama mmoja katika kigango nilichokuwa nikifundisha. Mume wake alipata kazi ng'ambo, wakaagana vizuri. Mume huyo hakuwa mlevi, na pesa alituma. Lakini namba ya majani chai ilikuwa kwa jina lake, akaunti ya benki kwa jina lake, na kadi ya benki alimwachia kaka yake, eti mama watoto asisumbuke. Mtoto wao wa kwanza alipoitwa shule ya upili, mama alikwenda kwa shemeji yake mara tatu kuomba pesa za chai aliyoichuma kwa mikono yake mwenyewe. Mara ya kwanza shemeji alikuwa matangani. Mara ya pili alisema hana nafasi ya kwenda mjini. Mara ya tatu alimwuliza kwa nini asiuze ng'ombe. Mtoto alifika shuleni akiwa amechelewa wiki tatu.

Mama alipolalamika kwa simu, mume aliona ndugu yake anasengenywa. Simu zikawa fupi. Miaka 2 ilipokwisha mume alirudi salama, akakuta mke anamwandalia chakula kama anavyomwandalia mgeni. Hapakuwa na uzinzi katika nyumba ile. Tulikaa nao jioni kadhaa, na mama hakuomba arudishiwe hata shilingi moja. Aliuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuniamini?"

Basi somo letu ni hili: anayebaki ndiye anayebeba nyumba, kwa hiyo apewe na funguo za nyumba. Ukimwachia mwenzako mzigo bila mamlaka, umemwacha mtumishi, hukumwacha mwenzi.

1. Amueni wawili

Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anawafundisha wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa mapatano, tena kwa muda, kisha warudiane. Angalieni mambo hayo mawili: mapatano na muda. Safari iliyopangwa na mmoja na ndugu zake, mwingine akaambiwa tu tarehe ya ndege, haina mapatano. Safari isiyo na tarehe ya kurudi haina muda.

Ulizaneni pia kama wakati huu unafaa. Mtoto bado ananyonya? Kuna mgonjwa nyumbani? Je, mnakimbia ugomvi? Safari haiponyi ndoa inayougua.

Mkikubaliana, chunguzeni wakala anayempeleka mwenzenu. Serikali ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo huweka orodha ya mawakala wenye leseni. Anayebaki aachiwe nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba, jina la mwajiri na namba ya simu ya wakala. Msafiri akipata shida, anayebaki ndiye atakayekimbia ofisini, na hawezi kukimbia mikono mitupu.

2. Andikeni daftari la nyumba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari la kawaida la shule, mkae mezani usiku mbili au tatu, muandike pamoja. Andikeni namba ya mkulima ya chai na kituo mnachopeleka majani. Andikeni madeni yote, tunayodai na tunayodaiwa: Sacco, chama, duka la mbolea, shemeji aliyetukopesha nauli. Andikeni mahali vilipo vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa na hatimiliki ya shamba.

Usifiche deni kwa aibu. Mwenye kudai atakuja tu, na atamkuta mwenzako peke yake mlangoni.

Andikeni pia kalenda ya kazi. Mahindi yetu hupandwa mvua ndefu zinapoanza, kuelekea mwezi wa Machi, kwa hiyo pesa za mbegu na mbolea ziwe tayari kabla ya hapo. Malipo ya chai ya kila mwezi yalishe nyumba. Bonasi, ambayo huja mara moja kwa mwaka baada ya hesabu kufungwa mwezi wa Juni, ipangiwe kazi kabla haijafika. Bonasi isiyo na kazi hupata marafiki wengi.

3. Mpe mwenzako mamlaka ya kweli

Nendeni benki pamoja, mwenzako aandikwe kwenye akaunti. Nendeni Sacco, mtazame ni nani aliyeandikwa kuwa mrithi. Wengi wetu tulimwandika mama mzazi kabla ya kuoa, tukasahau. Hakikisheni kwamba mume, mke na watoto wote wameandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kwamba mchango umelipwa. Mtoto akiugua usiku si wakati wa kuanza kutafuta namba.

Kuhusu shamba, jueni sheria. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Kwa hiyo anayekwenda asiweke rehani kwa siri ili apate nauli, na anayebaki asikodishe chai kwa siri ili alipe karo. Ikiwa kuna jambo litakalohitaji sahihi ya msafiri, mwoneni wakili kabla ya safari awaandikie hati ya uwakili, yaani karatasi ya kisheria inayompa mmoja ruhusa ya kutenda kwa jina la mwingine. Ikiwa inahusu ardhi, hati hiyo isajiliwe.

4. Wakusanye jamaa, useme mbele yao

Kwetu, mume akiondoka, sauti nyingi huingia uani. Ndugu anataka kusogeza mpaka kidogo. Mama mkwe anataka ajue kila shilingi. Nao si watu wabaya, wanaona pengo wakadhani ni lao kuliziba.

Kabla ya safari, pikeni chai, muwaite wazazi, ndugu na wasimamizi wenu wa ndoa. Baba, simama wewe mwenyewe useme: "Neno la mama watoto ni neno langu. Mwenye shauri amwendee yeye." Sema pia ni kiasi gani mtawasaidia wazazi, na kitapitia kwa nani. Maneno hayo yakisemwa mbele ya wazee yana nguvu kuliko simu mia.

Na anayekwenda akiwa mama? Hapo, baba, mtihani ni wako. Kwa desturi yetu mwanamume aliyetahiriwa hakaribii jiko. Lakini mtoto wa miaka 4 haijui desturi hiyo saa moja ya usiku akiwa na njaa. Jifunze kupika uji na mboga mama angali nyumbani. Jua siku ya kliniki, jina la mwalimu wa darasa, na dawa ambayo mtoto humdhuru. Wengi wamemtupia binti mkubwa kazi yote ya mama yake, akaanguka masomo. Pesa za ng'ambo zilizonunuliwa kwa shule ya binti ni pesa ghali mno.

5. Waambieni watoto ukweli

Msiondoke usiku watoto wamelala. Waambieni mnakokwenda, kwa sababu gani, na mtarudi lini. Kaeni nao mezani, mwonyeshe tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Mtoto anayejua tarehe hungoja, lakini asiyejua hudhani ametupwa.

6. Simu, uaminifu na siku ya kurudi

Pangeni siku na saa ya kuzungumza. Saudi Arabia na Qatar zina saa sawa na yetu. Minnesota iko nyuma yetu kwa saa 8 au 9, kulingana na majira yao, kwa hiyo jioni yetu ni asubuhi yao. Mazungumzo yote yasiwe ya pesa. Uliza ng'ombe amezaa nini. Uliza mwenzako amelala vipi. Upweke ukikuzidi, useme kabla haujapata msikilizaji mwingine.

Kila mwezi msafiri aambiwe pesa zilivyotumika, na yeye aseme anapata kiasi gani kwa kweli. Kila pesa zikitumwa ziandikwe katika lile daftari. Halafu tarehe ya kurudi ikifika, rudi. Kuongeza mkataba ni uamuzi mpya, unahitaji mapatano mapya.

Tumtazame mzee Tobiti katika Biblia. Alipomtuma mwanawe Tobia safari ya mbali kuchukua fedha zilizowekwa kwa Gabaeli, kwanza alimweleza deni hilo waziwazi, akamwambia juu ya hati iliyogawanywa vipande viwili, kila upande ukabaki na kipande chake. Akamwambia atafute mwenzi wa safari, na mwenzi huyo alipopatikana, akapatana naye mshahara wa kila siku. Akambariki. Hata hivyo Tobia alipokawia, baba alihesabu siku, na mama yake Ana akalia akidhani mwana amekufa. Maandalizi mazuri hayaondoi machozi, lakini siku ya kurudi wote walijua wanampokea nani.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, alizitaja familia za wahamiaji na za wale wanaolazimika kukaa mbali muda mrefu kuwa zinahitaji uangalizi wa pekee. Basi jumuiya ndogo ndogo isisubiri kusikia ugomvi. Ipite kusalimia.

Maswali ya kujadiliana nyumbani usiku huu

Kama mmoja wetu angeondoka kesho, mwingine angejua wapi kila deni, kila cheti na kila akaunti? Ni jambo gani la pesa ambalo bado sijamwambia mwenzangu? Nani, zaidi ya mwenzangu, ana funguo ambazo zingepaswa kuwa mkononi mwake?

Jibuni kwa upole, mmoja akisema mwingine akisikiliza. Kisha salini pamoja kabla ya kulala.